Likizo, Bonane na Safari kwa Mwanafunzi wa Lubumbashi Anayesoma Nje: Mwongozo Kamili

Mwanafunzi aliyetoka Lubumbashi kwenda kusoma Liège, Lille, Bangalore, Guangzhou au Pretoria anakutana na swali moja kila mwaka unapokaribia kuisha: nirudi nyumbani kula bonane (sikukuu ya mwaka mpya), nitembelee nchi jirani, au nibaki nifanye sikukuu hapa hapa na wenzangu? Wengi wanaanza kwa kutafuta bei ya tiketi, na hapo ndipo mambo yanapoharibikia. Cha kuuliza kwanza ni hiki: nikitoka katika nchi hii leo, nina haki ya kuingia tena, na nitakuwa darasani siku ya kwanza? Safari yote hupangwa kinyumenyume, kuanzia siku ya kurudi.

Hatua ya 1: Hesabu kutoka siku ya kurudi

Chukua kalenda ya masomo ya chuo chako na uandike tarehe tatu: siku ya mtihani wa mwisho, siku ya kutoka matokeo, na siku ya kwanza ya masomo au ya kujiandikisha upya. Kutoka tarehe hiyo ya tatu, rudi nyuma siku tatu. Siku hiyo uwe umeshatua. Siku tatu za akiba ni kwa ajili ya ndege iliyofutwa, valizi iliyobaki Addis-Abeba, na usingizi.

Kila nchi ina mtego wake. Ubelgiji, likizo ya Noeli ni wiki mbili, lakini sesheni (kipindi cha mitihani) ya Januari inafuata mara moja, na wiki hizo ndizo wanafunzi wa kule wanaziita blocus: watu wanajifungia kusoma. Aliye mwaka wa kwanza akienda Lubumbashi wakati huo anarudi na uchovu siku chache kabla ya mtihani. Likizo yake ya kweli ni Julai na Agosti, tena kama amefaulu. Matokeo hutoka mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, na sesheni ya pili inaanza katikati ya Agosti. Ukiwa umenunua tangu mwezi wa tatu tiketi ya kurudi Septemba, isiyobadilishwa, halafu ukapata kozi mbili za kurudia, tiketi hiyo ni hasara. Kwa hiyo lipia tiketi inayoruhusu kubadilisha tarehe, hata kama ni ghali kidogo, au subiri matokeo. Hakuna njia ya tatu.

Afrika ya Kusini ni rahisi zaidi: masomo yanaanza Februari na kuisha Novemba, likizo ndefu inaangukia bonane. Ugumu wake uko barabarani, tutafika huko. China, likizo kubwa ni ile ya mwaka mpya wa Kichina, ambao mwaka 2027 unaangukia tarehe 6 Februari. Tiketi za treni kwenye mfumo rasmi wa 12306 zinafunguliwa siku 15 kabla ya safari, na kwa kipindi hicho zinaisha upesi sana. Andika kwenye simu siku na saa ya kufunguliwa. India, mapumziko ya Diwali ni mafupi na kila chuo kina kalenda yake. Uliza ofisi ya chuo, usiulize rafiki wa chuo kingine.

Hatua ya 2: Karatasi za kutoka na za kurudi

Hapa tunakaa kwa muda, kwa sababu makosa ya hapa ndiyo yanayompotezea mtu mwaka mzima.

Fungua pasipoti, utafute ukurasa wa visa, na usome idadi ya kuingia. Visa ya kuingia mara moja inakufa pale unapopigiwa muhuri wa kutoka, hata kama tarehe yake bado ina miezi minane. Ukiwa na kadi ya ukaaji, soma tarehe ya mwisho ya kadi: inapaswa kuipita siku yako ya kurudi kwa mwezi mmoja angalau.

*Ubelgiji.* Haki yako ya kuingia na kutoka inabebwa na kadi A unayopewa na commune, yaani ofisi ya manispaa unakoishi. Wakati kadi inatengenezwa, commune inatoa karatasi ya muda. Usiichukulie karatasi hiyo kama kadi. Waandikie commune kwa imeili, uwaulize kama inakuruhusu kuvuka mpaka, na utunze jibu. Kadi ikikaribia kuisha, omba mpya kabla ya kufikiria tiketi.

*Ufaransa.* Visa ndefu ya mwanafunzi inayosimama badala ya kadi ya ukaaji lazima ithibitishwe kwenye mtandao ndani ya miezi 3 tangu kuingia. Ambaye hakufanya hivyo anahesabiwa hana ukaaji halali, na anaweza kukwama uwanja wa ndege akirudi. Baadaye, ukiomba kadi, angalia unashika récépissé (karatasi ya kuonyesha ombi limepokelewa) ya aina gani. Ile ya kuomba upya, ikiongozana na kadi yako iliyoisha, inakuruhusu kurudi Ufaransa. Ile ya ombi la kwanza, peke yake bila visa halali, haikuruhusu.

*Afrika ya Kusini.* Ombi la kurefusha visa ya masomo linapaswa kuwekwa siku 60 angalau kabla ya visa kuisha. Ukivuka mpaka visa ikiwa imeshapita kwa siku zisizozidi 30, unaweza kuzuiwa kurudi kwa miezi 12. Zikizidi 30, ni miaka 5. Hesabu hiyo imewakatisha masomo watu waliodhani watalipa faini tu mpakani.

*India.* Mwenye visa ya masomo ya zaidi ya siku 180 anajiandikisha kwa ofisi ya wageni, FRRO, ndani ya siku 14 tangu kufika. Bila uandikishaji huo, kutoka kwenyewe kunaleta maswali.

*China.* Aliyeingia na visa ya X1, ile ya masomo marefu, anatakiwa kuomba kibali cha ukaaji ndani ya siku 30. Kabla ya kukipata, asitoke. Baada ya kukipata anaingia na kutoka kadiri tarehe inavyoruhusu. Lakini kila mara anapolala nje ya hoteli, na kila mara anaporudi kutoka safari ya nje, ajiandikishe polisi ndani ya saa 24. Hoteli inakuandikisha yenyewe. Rafiki aliyekukaribisha chumbani kwake hawezi kukufanyia hilo bila kwenda polisi.

Sasa jambo wanaloliona wachache. Raia wa Kongo wamo katika orodha ya watu wanaohitaji visa ya kupita ndani ya uwanja wa ndege, iitwayo visa A, wanapobadilisha ndege katika nchi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye visa moja. Hata usipotoka nje ya uwanja, hata ukikaa masaa mawili tu Paris au Brussels, inahitajika. Wanaosamehewa ni pamoja na wenye visa au kadi ya ukaaji halali ya nchi za Umoja wa Ulaya, na wenye visa halali ya Marekani, Kanada au Japani. Kuwa mwanafunzi wa Algeria, Moroko au India peke yake hakukusamehe. Ile tiketi ya bei ya chini inayopitia Ulaya inaweza kuwa tiketi ambayo hutaruhusiwa kuipanda. Mtu wa Lubumbashi anayesoma nje ya Ulaya na apitie Addis-Abeba, Nairobi au Johannesburg, akiwa amesoma masharti ya kupita huko pia.

Pasipoti: nchi nyingi zinataka iwe na uhai wa miezi 6. Kwa visa fupi ya Schengen, inatakiwa iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe na kurasa 2 tupu. Usiweke ombi la pasipoti mpya Lubumbashi ukiwa na likizo ya wiki tatu ukitegemea itatoka kabla ya ndege. Ikitoka wakati mwingine, na visa yako bado iko katika pasipoti ya zamani, safiri na zote mbili.

Kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ni lazima kwa kuingia Kongo. Pia Afrika ya Kusini na India wanamdai nayo anayetoka kwetu. India inaweza kumweka pembeni asiye nayo hadi siku 6. Cheti kinaanza kuhesabiwa siku ya 10 baada ya sindano, na tangu 2016 kinadumu maisha yote. Hakuna haja ya kudungwa tena kwa sababu karatasi ina miaka kumi na mbili. Kilichopotea ni karatasi? Rudi pale ulipochanjwa uombe nakala, na ufanye hivyo ukiwa na muda, si asubuhi ya safari.

Tayarisha bahasha moja ya mkononi yenye karatasi hizi, na picha zake kwenye simu na kwenye imeili:

- pasipoti, visa na kadi ya ukaaji, nakala pande zote mbili
- cheti cha kuandikishwa chuoni kwa mwaka huu
- risiti ya minerval (ada ya masomo)
- mkataba wa chumba
- barua ya bourse (ufadhili) au ya mdhamini
- kadi ya njano
- tiketi ya kwenda na kurudi

Bahasha hiyo inatumika hasa Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, siku ya kurudi. Anayekuhoji kwenye kaunta ni mtu wa shirika la ndege, na anaangalia masharti ya nchi unakoenda kwenye kompyuta yake. Shirika likibeba mtu asiye na haki ya kuingia, shirika ndilo linalolipa faini na kumrudisha. Ndiyo maana wanakuwa wagumu. Kuwapigia kelele hakusaidii. Onyesha kadi ya ukaaji kwanza, kisha cheti cha chuo, na ukiona wanashaka, omba kwa utulivu msimamizi wao aangalie upya.

Kadi ikipotea au kuibiwa Lubumbashi, nenda polisi siku hiyo hiyo uchukue karatasi ya tangazo la upotevu, uarifu chuo, kisha uombe visa ya kurudi. Ubelgiji ina konsulat generali Lubumbashi, anza hapo. Kwa nchi nyingine nyingi, kila kitu kinapitia Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwetu. Hesabu wiki, usihesabu siku. Kwa sababu hiyo kadi inabaki nyumbani kwa mama, sehemu moja inayojulikana, na wewe unatembea mjini na nakala.

Hatua ya 3: Njia

Kwa ndege, angalia kwanza mashirika yanayotua Luano moja kwa moja. Ethiopian inaunganisha Lubumbashi na Ulaya na Asia kwa tiketi moja kupitia Addis-Abeba, na kwa kwenda Johannesburg yapo mashirika ya Afrika ya Kusini. Tiketi moja maana yake: ndege ya kwanza ikichelewa, shirika linakutafutia nyingine. Valizi nayo inaandikiwa hadi mwisho.

Kupitia Kinshasa ni habari nyingine. Ukishuka N'djili, uwanja wa ndege wa kule, unapita uhamiaji, unachukua valizi zako mwenyewe, unaanza upya kwa ndege ya ndani. Tiketi mbili tofauti zikikatana, hasara ni yako. Acha usiku mzima kati ya ndege hizo mbili. Na usisahau kwamba Kinshasa iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi siku zote ni saa ya mji wa uwanja ule.

Weka pesa ya Go-Pass, yaani kodi ya uwanja wa ndege, pembeni: kwa miaka mingi imekuwa dola 50 kwa safari ya nje, dola 10 kwa ya ndani. Uliza shirika kiasi cha sasa, na kama imeshaingizwa katika tiketi. Hata wakisema ndiyo, tembea na noti safi za kiasi hicho, kwa sababu noti yenye mpasuko mdogo inakataliwa kwetu.

Jina kwenye tiketi linasumbua Wakongo kuliko watu wengine, kwa kuwa sisi tuna jina, postnom na prénom, wakati fomu za mtandaoni zina sanduku mbili. Usibuni. Angalia mistari miwili ya herufi chini ya ukurasa wa picha katika pasipoti. Baada ya herufi za nchi, COD, kilichoandikwa kabla ya alama << ni jina la ukoo, hata kama ni maneno mawili. Kinachofuata baada yake ni majina mengine. Andika hivyo hivyo kwenye tiketi, kwenye ombi la visa, na kwenye bima.

Kwa barabara, walio Zambia na Afrika ya Kusini wanapita Kasumbalesa, kisha Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi hadi Lusaka. Foleni ndefu ya malori pale Kasumbalesa ni ya mizigo. Abiria wana njia yao, lakini basi linaweza kukwama nyuma ya malori, kwa hiyo ondoka Lubumbashi alfajiri. Kutoka Lusaka kwenda Johannesburg kuna njia ya Zimbabwe kupitia Beitbridge, na ya Botswana kupitia daraja la Kazungula lililofunguliwa 2021. Kabla ya kununua tiketi ya basi, muulize mwenye basi anapita nchi zipi, kila moja kwa jina, kisha uhakikishe masharti ya visa ya kupita kwa kila moja. Beitbridge inajaa sana kuanzia katikati ya Desemba watu wanapoelekea kaskazini, na tena mwanzoni mwa Januari wanaporudi. Ongeza siku nzima kwa kipindi hicho.

Hatua ya 4: Pesa

Gawanya bajeti katika mafungu manne yasiyochanganyika: tiketi, karatasi na kodi, matumizi ya njiani, na zawadi. Juu yake weka akiba ya asilimia 20 ambayo haiguswi. Fungu la zawadi ndilo linalokula mengine yote. Ndugu wanangoja, na kurudi mikono mitupu kunaumiza. Lakini amua kiasi kabla ya kuingia dukani, na uandike orodha ya watu ukianza na wazee. Kilo moja ya sabuni na kahawa iliyogawanywa vizuri inafikia nyumba nyingi kuliko simu moja ya mtu mmoja.

Pesa ya kodi ya chumba na ya minerval ya muhula unaofuata ilipwe kabla ya kuondoka, au iachwe katika akaunti ambayo kadi yake hutaichukua safarini. Pesa hiyo ikiingia Lubumbashi, ndani ya wiki mbili itakuwa imekuwa matanga ya mjomba, dawa ya shangazi na minerval ya mdogo wako. Yote ni mahitaji ya kweli, ndiyo maana huwezi kuyakataa ukiwa nayo mfukoni.

Ukihitaji kazi ya likizo kulipia safari, jua mpaka wake. Ubelgiji ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na likizo rasmi hazihesabiwi. Ufaransa ni saa 964 kwa mwaka. Kupita hapo kunahatarisha kadi yenyewe.

Hatua ya 5: Valizi

Pima valizi tupu kwanza. Nyingi zina kilo 3 hadi 4 na nusu, hivyo katika kilo 23 unabaki na 18 na nusu hadi 20 tu za vitu. Liputa (kitenge) moja ya yadi sita ina karibu gramu 800: ishirini zake peke yake ni kilo 16.

Betri za akiba za simu zinapanda nawe mkononi, haziwekwi katika valizi ya chini, kwa sababu ikishika moto kule hakuna wa kuizima. Mpaka ni Wh 100 bila kuomba ruhusa. Betri ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, inapita.

Kwa anayerudi Ulaya na chakula cha nyumbani, sheria ni kali upande mmoja na nyepesi upande mwingine. Nyama yoyote na maziwa haviruhusiwi, hata vikiwa vimekaushwa au kupikwa. Nyama ya pori usiiguse kabisa. Samaki aliyekaushwa anaruhusiwa hadi kilo 20, kwa hiyo kapenta inapita. Matunda na mboga mbichi zinataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, ndizi, nazi, tende na durian. Unga uweke katika mfuko wa dukani wenye maandishi: unga mweupe katika mfuko usio na jina unafunguliwa kila mara, na unaweza kukupotezea ndege inayofuata.

Kifurushi cha mtu mwingine usikibebe kama hukukifungua na kukifunga mwenyewe, kitu kwa kitu. Hata kama kinatoka kwa mtu wa kanisa lako. Mwenye kosa ni yule aliyeshika valizi.

Ukiwa nyumbani: malaria

Aliyekaa mwaka nje amepoteza sehemu kubwa ya kinga aliyokuwa nayo utotoni, lakini bado anajiona mwenyeji. Ndugu zake wanalala bila chandarua na kuamka salama, yeye anaugua vibaya. Mwone daktari kabla ya safari, umwombe dawa ya kinga. Atovaquone na proguanil huanzwa siku moja au mbili kabla na kuendelea siku 7 baada ya kutoka. Doxycycline inaendelea wiki 4 baada ya kutoka. Lala ndani ya chandarua kila usiku. Na ukipata homa ndani ya miezi 3 baada ya kurudi masomoni, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme mlangoni: nimetoka Kongo. Daktari wa Lille au Liège akisikia homa mwezi wa kwanza atafikiria mafua kama humwambii.

Safari fupi ndani ya Ulaya

Mwenye kadi ya ukaaji ya nchi moja ya Schengen anaweza kutembelea nyingine siku 90 katika kila siku 180. Uingereza na Ireland haziko ndani: zinataka visa zao. Beba pasipoti na kadi pamoja, hata kwenye basi. Kwenye mashirika ya bei nafuu kama Ryanair, asiye na pasipoti ya Ulaya anapita kaunta ya ukaguzi wa visa kabla ya usalama, hata kama ana karatasi ya kupandia tayari. Wengi wanarudishwa langoni kwa kutokujua hilo. Interrail, tiketi moja ya treni za nchi nyingi za Ulaya, ina bei ya vijana hadi miaka 27, na mkazi wa Ulaya asiye raia anaruhusiwa kuinunua. Kadi ya afya ya Ulaya iombe kwa mutuelle (shirika lako la bima ya afya) bila malipo, ila kwa raia wa nje ya Umoja haifanyi kazi Denmark, Norway, Iceland, Liechtenstein na Uswisi: kule nunua bima ya safari.

Ukibaki: sikukuu ya watu 20

Kubaki si adhabu. Bonane iliyopangwa vizuri inawakusanya watu ambao wangelia kila mmoja chumbani mwake. Tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru wetu, huangukia mitihani katika nchi nyingi, basi ifanyeni Jumamosi ya kwanza baada ya mtihani wa mwisho.

Wiki nne kabla, weka maombi ya ukumbi wa makazi kwa maandishi. Uliza saa ya kufunga, idadi inayoruhusiwa, na kiasi cha dhamana. Ufaransa na Ubelgiji, kuanzia 22:00 kelele ni kosa, kwa hiyo anzeni 15:00. Michango ifungwe siku 10 kabla, watu wawili washike hesabu, na risiti zipigwe picha kwenye kikundi cha WhatsApp siku ile ile.

Sombe (majani ya muhogo), makayabu (samaki wa chumvi) na unga mzuri vinapatikana Matonge ya Ixelles au Château Rouge ya Paris. Unga wa polenta wa dukani usinunue: mwingi umeshapikwa nusu, na bukari (ugali) yake haishiki, inakuwa uji mzito. Kwa watu 20:

- unga kilo 3.5: mahindi meupe laini kilo 2.5, muhogo kilo 1
- sombe ya baridi, pakiti 5 za gramu 500
- makayabu kilo 2.5, au kuku 5 waliokatwa vipande vinane

Makayabu yaloweke saa 24 ndani ya frigo, ubadilishe maji mara tatu au nne. Ukipunguza muda, chumvi inabaki katikati ya mnofu na kuwaharibia wote. Sombe ichemshe kifuniko wazi saa moja au zaidi kabla ya kutia mafuta na kitunguu. Majani ya muhogo yana sianidi, nayo inatoka na mvuke, hivyo sufuria iliyofunikwa inaizuia.

Bukari usijaribu kuisonga mara moja. Sufuria ya lita 8 za maji na kilo 3.5 za unga inamshinda mtu mmoja, na jiko la kioo la makazi ya wanafunzi linaweza kupasuka ukilisongea juu yake. Fanya mizunguko miwili. Kila mmoja, chemsha lita 3 za maji. Changanya vikombe vitatu vya unga wa mahindi na lita 1 ya maji baridi, umimine, ukoroge uji uchemke dakika 10. Ondoa sufuria, iweke chini sakafuni juu ya kitambaa chenye maji, mtu mmoja aishike, mwingine asonge akiongeza unga uliobaki kidogo kidogo, muhogo mwishoni. Irudishe kwa moto mdogo dakika 3 ikiwa imefunikwa. Mabonge yafunge kwa plastiki ya chakula na uyapange ndani ya glasiere (sanduku la kutunzia baridi) bila barafu: yatakaa moto kama saa mbili.

Fungua madirisha kabla ya kupasha mawese, maana moshi wake unaamsha king'ora. Usifunike kifaa cha king'ora hata kwa dakika tano, maana kule kitendo hicho kinaweza kukufukuzisha makazini. Kama kuna aliyedefendi (aliyetetea kazi yake ya mwisho wa masomo) na mnataka kumpaka poda kama kwetu, fanyieni nje uwanjani: vumbi la poda linaamsha king'ora sawa na moshi.

Simu ya nyumbani ipangeni mapema. Lubumbashi ikifika usiku wa bonane, 00:00, Brussels, Paris na Casablanca ni 23:00, Pretoria ni 00:00, Bangalore ni 03:30, Guangzhou ni 06:00, na Montréal bado ni 17:00 ya tarehe 31. Mtandao unajaa dakika zile zile, basi piga nusu saa kabla, uwatumie wazazi pesa ya intaneti tangu asubuhi, na ujumbe wa sauti uwe tayari kwa atakayekosekana.

Piga picha za ukumbi kabla ya kuanza: kuta, viti, jiko. Baada ya kusafisha piga tena, pembe zile zile, na uzitume kwa msimamizi usiku huo huo pamoja na ombi la kurudishiwa dhamana. Ikirudi, igawanywe kwa waliochanga kufuatana na orodha ile ile ya michango.